Kusoma Kila Siku na Kukihakiki Kitabu kwa Uadilifu

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aila yake na Masahaba zake. Ama baad.



Katika toleo la mwaka huu tumeona tuzungumze juu ya neno moja tunalolisikia mara kwa mara: "Sina nafasi ya kusoma." Kwa kweli neno hili lina udhuru. Mwanafunzi wa hapa Chimwaga anaamka alfajiri, asubuhi yuko shule, jioni yuko madrasa, na usiku anazo kazi za walimu wawili, wa shule na wa chuo. Katikati ya hayo kuna maji ya kuteka, wadogo zake wa kuwaangalia, na mvua zikianza kuna shamba la mtama au karanga.

Hata hivyo tunaogopa mambo mawili. La kwanza, kijana anahitimu msahafu, anamaliza kidato cha nne, kisha hafungui kitabu tena mpaka uzeeni. Elimu yake inabaki pale pale alipoiacha, na kila mwaka inapungua. La pili ni kubwa zaidi: watu kuhukumu vitabu ambavyo hawajavisoma. Mmoja anakisifu kitabu kwa jalada lake, mwingine anakiponda kwa sababu ya jina la mwandishi, na wa tatu anaeneza kwenye simu maneno aliyotumiwa na mtu ambaye naye hakukisoma. Kwa hiyo somo letu lina sehemu mbili: namna ya kudumu katika kusoma, na namna ya kutoa habari za kitabu kwa haki.

1. Kusoma ni amri, na kudumu ni sunna

Sote tunajua kwamba wahyi wa kwanza kumshukia Mtume (S.A.W.) ulianza na amri ya kusoma, katika Sura ya Al-Alaq, na katika aya hizo hizo kalamu imetajwa. Tuzingatie hapo: kusoma na kalamu vimekuja pamoja. Anayesoma bila kuandika chochote amechukua nusu ya somo.

Tena imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kwamba amali inayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, japokuwa ni kidogo. Hadithi hii ndiyo dawa ya mwenye shughuli nyingi. Hatutakiwi kusubiri likizo ili tusome kitabu kizima kwa siku mbili. Tunatakiwa tusome kidogo leo, na kidogo kesho.

2. Waliotutangulia hawakuwa na nafasi zaidi yetu

Imam Nawawi, mwenye Arbaina tunayoihifadhi, alizaliwa mwaka 631 Hijria (1233) katika mji wa Nawa nchini Syria, akafariki mwaka 676 (1277). Umri wake ulikuwa miaka 45 tu. Mwanafunzi wake Ibn al-Attar amesimulia kwamba Imam alipokuwa akisoma Damascus alihudhuria masomo 12 kila siku, na kila somo aliandika pembeni maelezo ya yale yaliyohitaji kufafanuliwa. Basi tusishangae kwamba maisha mafupi kama yale yametuachia Riyadhus Salihina na sherehe ya Sahihi Muslim.

Tukirudi huku kwetu Afrika Mashariki, tunaye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947). Alisomesha, akatoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kazi za hukumu hazikumtoa katika vitabu.

Tunaye pia Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Unguja (1912–1982). Alikuwa mwalimu wa shule za serikali kwa miaka mingi, mwaka 1960 akawa kadhi Unguja, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Katikati ya kazi hizo ndimo alimoandika tafsiri yake, Qurani Takatifu, iliyotoka kwa ukamilifu mwaka 1969. Kitabu kama hicho hakiandikwi kwa wiki moja ya mapumziko. Huandikwa na mtu anayerudi mezani kila siku baada ya kazi za watu.

3. Mpango wa mwenye shughuli nyingi

(a) Qur'ani kwanza. Msahafu wa chapa ya Madina unaotumiwa na wengi una kurasa 604. Ukisoma kurasa 4 baada ya kila Swala ya faradhi, hizo ni kurasa 20 kwa siku, yaani takriban juzuu moja, na kila mwezi utakuwa umekhitimu. Usipoweza 4, soma 2 usiache.

(b) Kitabu kingine kurasa 5 kwa siku. Kwa mwezi ni kurasa 150, ambazo ni kitabu kimoja cha kawaida. Kwa mwaka ni vitabu 12. Kurasa 5 hazizidi muda wa kusubiri chakula kiive.

(c) Chagua wakati mmoja, usiubadilishe. Kwa wengi wetu, kati ya Magharibi na Isha ndio wakati mwepesi, kwa sababu tayari tupo msikitini au nyumbani. Wenye kuamka mapema watumie baada ya Alfajiri.

(d) Usishike vitabu vitano kwa pamoja. Kimoja cha dini na kimoja cha elimu nyingine vinatosha. Ukimaliza, ndipo uchukue kingine.

(e) Kitabu cha kwenye simu ni kitabu pia, lakini simu ina wageni wengi. Zima intaneti kabla ya kufungua ukurasa, na uiwashe baada ya kumaliza kurasa zako.

4. Uhakiki wa kitabu ni ushahidi

Baada ya kusoma, watu watakuuliza: "Kitabu hicho kikoje?" Jibu lako ni ushahidi. Ukikisifu kwa uongo, ndugu yako atapoteza fedha na wakati. Ukikiponda kwa uongo, umemdhulumu mwandishi, ambaye pengine amekwishafariki na hawezi kujitetea.

Umma wetu una mizizi mirefu katika jambo hili. Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad, mwaka 377 Hijria (987) aliandika Al-Fihrist, orodha ya vitabu vya zama zake pamoja na habari za waliovitunga. Maulamaa wa Hadithi nao waliweka elimu nzima ya kuchunguza wapokezi: nani mkweli, nani msahaulifu, nani asiyefaa kutegemewa.

Hapa mwanafunzi anaweza kuuliza: je, kutaja upungufu wa mtu si kumsengenya? Imam Nawawi amelijibu katika Riyadhus Salihina. Ametaja sababu sita zinazohalalisha kutaja aibu ya mtu, na mojawapo ni kuwatahadharisha Waislamu, kama vile kuwakosoa wapokezi na mashahidi. Kwa hiyo kukosoa kunaruhusiwa kwa haja na kwa kiasi cha haja. Ukisema "hoja ya ukurasa huu haina dalili," umehakiki. Ukiingia katika ukoo wake, kabila lake au umbo lake, umerudi kwenye kusengenya.

Mfano wa karibu ni huo huo wa Sheikh Farsy. Kabla yake zilikuwapo tafsiri za Qur'ani kwa Kiswahili: ya padri Godfrey Dale ya mwaka 1923, na ya Sheikh Mubarak Ahmad wa Jumuiya ya Ahmadiyya ya mwaka 1953. Sheikh Farsy hakukubaliana na tafsiri hii ya pili katika mambo kadhaa. Aliisoma, na katika maelezo ya tafsiri yake akaeleza ni wapi anatofautiana nayo na kwa sababu gani. Kitabu akakijibu kwa kitabu. Huu ndio mwendo wa wanazuoni.

5. Namna ya kuandika uhakiki

Chukua daftari moja, uliandike "Vitabu Nilivyosoma". Kila kitabu kipe ukurasa mmoja wenye mambo matano: jina la kitabu, mwandishi na mwaka, kinahusu nini, umefaidika nini, upungufu wake ni upi, kinamfaa nani. Andika ndani ya siku tatu baada ya kumaliza, kabla hujasahau. Ikiwa hukukimaliza, andika wazi: "Nimefika ukurasa wa 60." Huo nao ni ukweli.

Tutoe mfano kwa kitabu ambacho wengi wanakifahamu.

Kitabu: Kusadikika, cha Shaaban Robert, 1951.
Kinahusu: Nchi ya kubuni iliyo angani. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha elimu ya sheria. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, juu na chini, kutafuta manufaa ya nchi yao, na waliporudi wakafungwa.
Faida: Tunajifunza kwamba hukumu bila kusikiliza ni dhulma, na kwamba mwenye haki anaweza kujitetea kwa maneno mazuri bila matusi.
Upungufu: Hotuba ni ndefu, na wahusika wengi wana sifa moja tu, kama majina yao yanavyoonyesha.
Kinamfaa nani: Wanafunzi wa sekondari na kuendelea. Mdogo asomewe na mkubwa.

Angalieni kwamba aliyesoma uhakiki huu anaweza kuamua mwenyewe. Tumemweleza yaliyomo, hatukumwamulia. Tena kisa chenyewe kinatufundisha adabu ya uhakiki: wajumbe wale walifungwa bila habari zao kupewa sikio. Tusikifanyie hivyo kitabu cha mtu.

6. Vitabu tutavipata wapi?

Jina la Chimwaga zamani lilisikika kwa mikutano mikubwa ya siasa. Ni hapa mwaka 1995 mkutano mkuu wa CCM ulipomteua Benjamin Mkapa kuwa mgombea wa urais. Tangu mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza, jina hilo hilo linatajwa kwa elimu. Basi tusikae jirani na elimu kama tunavyokaa jirani na mlima, tukiuangalia tu. Waulizeni kaka na dada mnaowafahamu wanaosoma chuoni. Nendeni maktaba ya mkoa mjini. Azimaneni wenyewe kwa wenyewe, na mwenye kuazima arudishe kwa wakati bila kukunja kurasa, kwani kitabu cha kuazima ni amana.

7. Neno kwa wazazi

Wazazi wetu, mtoto hufuata anachokiona. Mkimpa robo saa bila kumtuma, mtakuwa mmempa zawadi kubwa. Na mara moja kwa wiki mwambieni: "Mwanangu, tusimulie ulichosoma." Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza hivyo, na mtoto ataona kusoma kwake kuna thamani nyumbani.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini amali kidogo inayodumu ni bora? Itumie hoja hiyo katika kusoma.
2. Taja tofauti kati ya kuhakiki kitabu na kumsengenya mwandishi.
3. Ukisoma kurasa 5 kwa siku, utamaliza kitabu cha kurasa 90 kwa siku ngapi?
4. Chagua kitabu kimoja ulichokimaliza, uandike uhakiki wake kwa mambo matano tuliyoyataja, kisha umsomee mwenzako.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, ndimi za kweli na kalamu za uadilifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.