Bati Lililoungana na Kaboni: Kijitabu kwa Wenye Vyombo, Mafundi na Wanunuzi

Chombo kikikaa majini miezi michache bila kupandishwa, chini yake huota mwani, kisha chaza na viumbe wengine wenye magamba makali hung'ang'ania hapo. Chombo huwa kizito, hula mafuta mengi, na safari hurefuka. Mabaharia wa pwani yetu walikabiliana na adha hiyo kwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, na kazi ya kupaka ilirudiwa kila mara. Katika miaka ya 1960 ikaingia sokoni rangi yenye sumu ya bati, na baadaye ikaboreshwa hadi ikaweza kulinda meli kwa miaka 5 bila kupelekwa chelezoni. Wenye meli walifurahi. Hasara ilikuja kuonekana kwa wavuvi.

Mikono minne ya bati

Bati kama metali, lile linalopakwa ndani ya makopo ya vyakula, halina madhara makubwa, kwani mwili hulifyonza kidogo mno. Mambo hubadilika pale atomi ya bati inapoungana moja kwa moja na kaboni. Bati lina mikono minne ya kushikia. Mmoja, miwili, mitatu au yote minne inaweza kushika makundi ya kaboni kama ethili, butili, okitili au fenili, na inayobaki ikashika klorini, oksijeni au salfa. Mwingereza Edward Frankland alitengeneza kampaundi ya aina hii mwaka 1849, ila viwanda vilikawia sana kuitafutia kazi.

Ukitaka kujua hatari yake, hesabu kwanza makundi ya kaboni. Yakiwa mawili au moja, sumu kwa kawaida huwa ndogo kuliko yakiwa matatu. Kisha uliza ni makundi gani. Ethili tatu hushambulia ubongo wa binadamu. Butili tatu, yaani tributilitini au TBT, huua kuvu na viumbe wa majini, nayo ndiyo sumu ya zile rangi za meli. Fenili tatu ziliwahi kupuliziwa viazi mviringo dhidi ya bakajani chelewa.

Tofauti ya kundi moja tu si jambo dogo. Mwaka 1954 nchini Ufaransa iliuzwa dawa ya majipu iliyoitwa Stalinon. Ilikusudiwa iwe na bati lenye ethili mbili, lakini ndani yake mlikuwa pia na lenye ethili tatu. Watu wapatao 100 walikufa baada ya ubongo kuvimba, na baadhi ya walionusurika walibaki na ulemavu.

Kazi zake viwandani

Kazi kubwa ya kampaundi hizi leo ni kulinda plastiki ya PVC. Plastiki hiyo ikiyeyushwa ili iwe bomba au fremu ya dirisha, joto huifanya itoe asidi ya hidrokloriki, na asidi hiyo huichochea ioze zaidi hadi igeuke rangi ya kahawia. Kampaundi yenye kundi moja au mawili ya kaboni huinasa asidi hiyo na kuziba sehemu dhaifu za molekuli. Kwa vifungashio vya chakula huchaguliwa zile za okitili, ambazo sumu yake kwa binadamu ni ndogo. Nyingine huharakisha kuganda kwa silikoni na povu la magodoro, na nyingine hupuliziwa chupa za kioo zikiwa bado za moto ili zisichubuke kirahisi.

Ghuba ya Arcachon

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, wafugaji wa chaza wa ghuba ya Arcachon, kusini-magharibi mwa Ufaransa, waliona mambo ya ajabu. Mayai yalitagwa lakini watoto wa chaza hawakukua. Magamba ya wakubwa yalinenepa, na ukiyapasua unakuta vyumba vyumba vyenye ute mzito, huku nyama ikiwa kidogo. Chanzo kilikuwa rangi ya boti za starehe zilizojaa ghubani. Januari 1982 Ufaransa ilipiga marufuku TBT kwa boti zilizo chini ya mita 25, na chaza wakaanza kuzaana tena.

Konokono wa baharini waliumia zaidi. Majike waliota uume, njia ya mayai ikaziba, na wengine wakafa na mayai tumboni. Kiasi cha TBT kinachotosha kuleta balaa hilo ni kidogo kupita kiasi: takribani gramu 1 katika lita bilioni 1 za maji. Kwa maoni yetu, hakuna haja ya kubishana tena kuhusu "kutumia kidogo tu".

Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi hizo mwaka 2001, nao ukaanza kutumika Septemba 2008. Hata hivyo, TBT iliyozama kwenye tope la bandari lisilo na hewa huweza kudumu miaka mingi, na tope hilo likichimbuliwa, sumu huibuka nayo.

Unapokwangua chombo cha zamani

Usinunue rangi ya chini ya chombo isiyo na lebo, hata ukiambiwa ni "ile kali ya zamani". Ukiona maneno TBT, TBTO au tributyltin, iache dukani. Ukinunua boti kuukuu ya kigeni, chukulia kwamba tabaka za ndani huenda zina sumu hiyo. Kwangua ukiwa umetandika turubai chini, na ulowanishe rangi kwanza ili vumbi lisiruke. Vaa glavu, miwani na barakoa, maana TBT huunguza ngozi na macho. Magamba ya rangi yasifagiliwe majini wala kuachwa ufukweni maji yajae yayachukue. Yatie kwenye chombo chenye mfuniko na uulize mamlaka ya mazingira yapelekwe wapi. Mbao zilizopakwa rangi hizo zisiwe kuni za jikoni.

Kwa mabomba ya PVC ya nyumbani tahadhari ni nyepesi. Nunua yaliyoandikwa kuwa ni ya maji ya kunywa. Bati huchujuka zaidi bomba likiwa jipya, kwa hiyo fungulia maji yapite vya kutosha kabla ya kuanza kuyanywa, na vipande vinavyobaki usivichome moto.