Thawabu Yako Umeshaipokea?

Somo: Mathayo 6:1-6. Soma pia Mathayo 5:14-16 na Matendo 5:1-11.

Somo la wiki hii lilinichoma mimi kwanza, kwa hivyo naanza na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa saba, mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Watu husema Trans Nzoia ndiyo ghala la mahindi la Kenya, na ni kweli. Lakini mwezi huo, hata kando ya ghala kuna nyumba zinazolala njaa. Ushirika mmoja wa nyumbani ukachanga pesa, ukanunua gorogoro nne za mahindi, mafuta ya kupika na sukari, tumpelekee mama mjane anayeishi nje kidogo ya Kitale. Mimi mchungaji sikuchanga hata shilingi. Kazi yangu ilikuwa kubeba mfuko kwa boda.

Mama alipokea ule mfuko kwa mikono miwili, akalia. Nami nikatoa simu. Nikamwambia asogee mlangoni penye mwanga, nikapiga picha. Sikumwuliza kama anataka. Jioni nikaiweka Facebook na kwenye stetasi ya WhatsApp, nikaandika kwamba Mungu amenituma kumlisha mjane, utukufu ni wake. Amina zikamiminika. "Ubarikiwe mtumishi!" Nawaambia ukweli: usiku niliamka mara mbili kuhesabu laiki.

Siku ya tatu simu ikalia. Ni kijana wa yule mama, anasoma chuo kule Bungoma. Akasema, "Pasta, ile picha ya mama wenzangu wanayo. Mmoja ameniuliza kama huyo ndiye mamangu, nikasema simjui. Pasta, nimemkana mamangu kwa sababu ya gorogoro nne."

Niliifuta papo hapo, lakini ilikuwa imeshatumwa kikundi hadi kikundi. Jumamosi nikapanda matatu, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, hadi Bungoma. Kijana alinisikiliza, akasema, "Usiniombe mimi msamaha. Muombe mama." Nikarudi Kitale. Mama akanikaribisha chai, akaniambia, "Mwanangu, mahindi yaliisha. Picha haijaisha."

Tangu hapo nimeisoma Mathayo 6 upya, na kuna mambo matatu nataka tujifunze.

1. Mnafiki ni mwigizaji.
Neno la Kiyunani lililotafsiriwa mnafiki lilitumika kwa mtu anayeigiza jukwaani. Mwigizaji anaweza kusema maneno mazuri sana, ila anayasema kwa ajili ya wanaotazama. Maneno yangu kwenye ile picha yalikuwa mazuri, hata jina la Mungu lilikuwemo. Lakini niliandika "nimetumwa kulisha" na sadaka ilikuwa ya wengine. Anania na Safira walikuwa na uhuru wa kubaki na pesa zao; Petro mwenyewe alimwambia Anania hivyo. Kosa lao lilikuwa kutoa sehemu na kutaka kuonekana wametoa yote. Mimi sikutoa hata hiyo sehemu!

2. Risiti imeshatolewa.
Yesu anasema wanaotoa ili wasifiwe wamekwisha kupata thawabu yao. Neno alilotumia Mathayo hapo ndilo wafanyabiashara wa zamani waliandika kwenye risiti: nimepokea yote, sidai tena. Ni kama ule ujumbe wa M-Pesa ukiingia kwa simu. Ukishathibitishwa, huwezi kurudi kudai malipo yaleyale mara ya pili. Zile laiki nilizohesabu usiku ndizo zilikuwa mshahara wangu. Mbinguni sikuwa nadai chochote.

3. Taa si tarumbeta.
Mtu atauliza, "Lakini Pasta, si Yesu alisema nuru yetu iangaze watu wayaone matendo yetu mema?" Ndiyo, na ni katika mahubiri yaleyale ya mlimani. Tofauti iko mwishoni mwa mstari: watu wakiona, wanamtukuza nani? Taa huwashwa ili walio nyumbani waone njia. Tarumbeta hupigwa ili watu wageuke wamtazame anayepiga. Simu yako inaweza kuwa taa. Tumewahi kupata habari za wagonjwa na kuchanga pesa za mazishi kupitia WhatsApp kabla jua halijatua, na hiyo ni baraka. Simsihi mtu afunge akaunti yake. Namsihi aulize anapiga nini.

Tena kumbukeni, hata sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data inatambua kwamba picha ya mtu ni habari zake binafsi. Je, kanisa liwe na heshima ndogo kuliko serikali?

Maswali ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:
- Kama hakuna mtu angejua, ningelifanya jambo hili bado?
- Aliye kwenye picha amekubali kwa moyo, au ameshindwa kukataa kwa sababu nimeshika chakula chake?
- Mke wangu, watoto wangu na mtu ninayemdai au anayenidai wakisoma ninachoandika, watasema "Amina" au watacheka?

Jambo la kufanya wiki hii: tenda tendo moja jema, usilipige picha, usilisimulie. Halafu pitia simu yako. Ukipata picha ya mtu uliyemwaibisha, ifute, kisha uende kwake kwa miguu yako. Usimtumie ujumbe.

Yule mama bado anakuja ibadani. Zamani alikaa viti vya mbele, siku hizi anakaa nyuma karibu na mlango. Kila Jumapili nikipanda madhabahuni namwona. Niombeeni, nami nawaombea, tuwe watu ambao Baba aonaye sirini hapati mtu tofauti na yule anayeonekana kwa simu. Amina.