SOMO LA WIKI: RELI ILIYOKUFA HUFUFULIWA KWA FEDHA ZA NANI?

Habari za kufufua reli ya zamani zinapotoka, bei ya viwanja kando ya tuta hupanda kabla ya taruma moja kulazwa. Mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo hushawishika kununua mapema asije akapitwa. Kabla ya kutoa fedha, yafaa apate majibu ya maswali matatu: nani analipa, treni itaanza lini, na stesheni ipi itapata abiria. Mfano mzuri ni reli ya Borders, inayounganisha Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, na miji midogo iliyo kusini yake.

ARDHI YA RELI NI MALI

Njia hiyo ilifungwa Januari 1969. Reli ziling'olewa, na sehemu za ardhi yake zikatumika kwa mambo mengine. Barabara kuu ya kuzunguka Edinburgh ilijengwa ikakata tuta, na katika mji wa Galashiels majengo yalisimama palipokuwa pakipita treni. Bunge la Uskoti lilipopitisha sheria ya kuijenga upya mwaka 2006, ilibidi ardhi itwaliwe tena na njia ipitishwe chini ya barabara hiyo. Ardhi ya reli ikihifadhiwa, gharama za kufufua hupungua. Ikiuzwa au kuvamiwa, walipa kodi huilipia mara ya pili. Treni za abiria wa mjini zilizoanza Dar es Salaam Oktoba 2012 zilitumia reli za TRL na TAZARA ambazo tayari zilikuwa zikifanya kazi, hivyo suala hilo halikuwapo.

MTAJI ULIVYOPATIKANA

Hapo awali serikali ilitaka kampuni binafsi zisanifu, zijenge, zigharimie na kuitunza reli kwa miaka 30, huku zikilipwa kidogo kidogo. Makundi matatu ya kampuni yalijitokeza. Mawili yakajitoa, na mwaka 2011 zabuni ikafutwa kwa kukosa ushindani. Kazi ikakabidhiwa Network Rail, shirika linalomiliki njia za reli nchini Uingereza, ambalo lilikopa fedha za ujenzi. Mzigo wa deni ukabebwa na serikali. Gharama zilikuwa pauni milioni 294 kwa bei za mwaka 2012, kwa maili 30 za reli na stesheni mpya saba.

Aidha, halmashauri za maeneo hayo ziliwatoza wajenzi wa nyumba mpya mchango wa reli, kwa hoja kwamba anayefaidika na kupanda kwa thamani ya ardhi achangie. Katika miradi ya namna hii nauli husaidia uendeshaji. Ni nadra kurudisha gharama za ujenzi.

RIBA HAISUBIRI TRENI

Treni ya kwanza ya abiria ilipita Septemba 6, 2015, miaka tisa baada ya sheria kupitishwa. Tuchukulie mtu amekopa shilingi milioni 10 kununua kiwanja siku sheria inapopita, kwa riba ya kawaida ya asilimia 15 kwa mwaka. Kama mtaji haujapunguzwa, kwa miaka tisa riba peke yake ni shilingi milioni 13.5. Kiwanja hicho lazima kiuzwe zaidi ya mara mbili ya bei ya kununulia ndipo mwenyewe asipate hasara.

ABIRIA HAWAFUATI RAMANI

Katika miezi ya mwanzo, stesheni za mbali za Tweedbank na Galashiels zilipata abiria mara kadhaa ya makadirio. Stesheni zilizo karibu na Edinburgh, zilizotegemewa zaidi, zilipata pungufu. Shawfair, kwa mfano, ilijengwa kuhudumia mji mpya ambao nyumba zake nyingi zilikuwa bado hazijajengwa. Aliyefungua duka hapo kwa kutegemea ramani alikuwa na stesheni nzuri bila wateja.

Vilevile, ili kubana matumizi, sehemu kubwa ya reli ilijengwa njia moja. Treni moja ikichelewa, ya upande wa pili nayo husubiri, na kuongeza safari baadaye ni kazi ngumu. Rahisi inaweza kuwa ghali.

MAMBO YA KUPIMA

Mwekezaji mdogo anaposikia tangazo la reli kufufuliwa, na aulize:

1. Je, sheria imepita na ardhi yote imepatikana?
2. Je, fedha zimetengwa, au zinasubiri wazabuni?
3. Je, mkandarasi yuko kazini?
4. Je, karibu na stesheni kuna watu leo, au wako kwenye ramani tu?
5. Je, halmashauri itatoza mchango, na kiasi gani?

Jibu la swali la kwanza na la pili likiwa "bado", fedha hizo zina kazi nyingine ya kufanya. Anayenunua baada ya mkandarasi kuingia kazini hulipa bei ya juu kidogo, lakini haigharimii miaka ya kusubiri.