Majimaji ya Kongosho Yanapopungua: Dalili, Tiba na Ununuzi wa Dawa

Mkazi wa Soni, Mlalo au Bumbuli anayeumwa tumbo mara kwa mara huenda akaanzia dukani. Hununua dawa ya vidonda vya tumbo, kisha ya minyoo, kisha mizizi ya kuchemsha. Fedha ya viazi huisha, mwili huzidi kukonda, na majirani huanza kunong'ona. Somo hili linaeleza chanzo kimojawapo ambacho ni rahisi kusahauliwa: uvimbe sugu wa kongosho.

Kazi ya kongosho

Kongosho ni tezi iliyolala nyuma ya mfuko wa chakula. Mbali na kutengeneza insulini, humimina katika utumbo mwembamba majimaji yapatayo lita 1 hadi 2 kila siku. Ndani yake mna vimeng'enya vinavyosaga wanga, protini na mafuta, pamoja na bikaboneti, chumvi inayotuliza ukali wa asidi itokayo katika mfuko wa chakula.

Mabadiliko yanayotokea

Mkulima wa Usambara anaujua mfereji wa umwagiliaji: maji yakipungua tope hutuama, na tope likituama maji huzidi kupungua. Katika ugonjwa huu maji na bikaboneti hupungua. Protini huwa nzito, huganda na kuziba mirija midogo. Chokaa hujikusanya juu yake na kuwa vijiwe. Tezi hupata makovu, na vimeng'enya hupungua mwaka hadi mwaka.

Pengo la lipesi, kimeng'enya cha mafuta, ndilo huonekana mapema. Wanga husaidiwa na mate, na protini husaidiwa na mfuko wa chakula; lipesi haina mbadala wa kutosha. Hata hivyo, kongosho lina akiba kubwa: mafuta huanza kupita bila kusagwa lipesi inapobaki takriban sehemu 1 ya 10. Kwa hiyo dalili hiyo inapojitokeza, uharibifu umekwisha kuwa mkubwa.

Dalili za kuangalia

Kinyesi huwa kingi, chenye rangi iliyopauka, mng'ao wa mafuta na harufu kali. Katika choo cha shimo hayo hayaonekani kwa urahisi. Mwenye wasiwasi atumie chombo ajichunguze. Dalili nyingine ni maumivu ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, kukonda licha ya kula, kutoona vizuri usiku kwa upungufu wa vitamini A, na kisukari. Maumivu yakipungua, hiyo si hakika kwamba kongosho limepona.

Pombe, ikiwamo ya kienyeji, na tumbaku huchangia sana. Lakini si kila mgonjwa ni mlevi. Mwaka 1964 daktari A. G. Shaper alichapisha uchunguzi wake kuhusu wagonjwa wa Uganda wenye makovu na chokaa katika kongosho, na chanzo chake kimeendelea kujadiliwa. Mgonjwa asinyanyapaliwe.

Tiba na ununuzi wa dawa

Nenda hospitali kwa vipimo vya kinyesi, sukari ya damu na picha. Daktari akithibitisha upungufu, huandika vidonge vya vimeng'enya. Zingatia yafuatayo:

1. Nunua katika duka la dawa lenye kibali. Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi, na udai risiti.
2. Linganisha kiasi cha lipesi kilichoandikwa kwenye pakiti na kile cha cheti cha daktari. Idadi ya vidonge pekee haitoshi.
3. Meza pamoja na chakula, bila kutafuna. Dawa iliyomezwa saa mbili baada ya mlo haina chakula cha kusaga.
4. Usiiache juani wala ndani ya gari lenye joto.
5. Dawa hii hutokana na kongosho la nguruwe. Anayezuiwa na imani yake amweleze daktari na kiongozi wake wa dini mapema, badala ya kuiacha kimyakimya.
6. Acha pombe na tumbaku. Usijinyime maharage, mayai wala parachichi bila ushauri; mwili uliokonda unavihitaji.

Dawa hii hairudishi kongosho katika hali ya awali. Hufanya kazi ambayo kongosho limeshindwa kuifanya. Anayeitumia ipasavyo anaweza kuongeza uzito na kurejea shambani.