Mafunzo Matano Niliyopata Kuhusu Katiba na Shule za Jinsia Moja

Hapa mtaani Mukuru kwa Reuben, Nairobi, nimekuwa nikiwasaidia wazazi kujaza fomu za kuchagua shule za upili. Swali moja halikosi: ikiwa Katiba inapinga ubaguzi wa jinsia, mbona serikali ina shule za wavulana na za wasichana? Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kutenganisha pekee si ubaguzi.
Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa sawa, na kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, hata ujauzito. Hakiamrishi wote wasomee darasa moja. La kuchunguza ni wanachopata hawa na wanachokosa wale. Binti mmoja wa mtaani alitaka kusomea umeme. Shule ya wasichana alikoitwa kujiunga haikuwa na somo hilo, ya wavulana jirani ilikuwa nalo. Hapo ndipo pa kuuliza.

2. Kilicho duni hakiwi sawa kwa kuitwa sawa.
Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya chuo cha kijeshi cha Virginia kilichowafungia wanawake nje. Jimbo lilijitetea kwamba limewaanzishia programu yao kando. Majaji wakaikataa kwa kuwa haikulingana na chuo chenyewe. Uamuzi huo hauwafungi majaji wetu, lakini kipimo chake chafaa.

3. Upendeleo mwingine ni halali.
Mwaka 2011, katika kesi ya John Kabui Mwai, Mahakama Kuu ya Kenya ilikubali mgao uliowapa watahiniwa wa shule za umma nafasi nyingi zaidi katika shule za kitaifa, ambazo karibu zote zilikuwa za jinsia moja. Lengo lilikuwa kuwainua walioachwa nyuma. Kwetu mgao ule uliuma: watoto wa shule za mabati za mtaani kwetu walihesabiwa kuwa wa shule za kibinafsi, ingawa karo yao hutoka kwa vibarua wa viwandani.

4. Ubaguzi mwingine huanzia nyumbani.
Shule nyingi za jinsia moja ni za bweni. Orodha ya mahitaji hutaja sanduku, godoro, blanketi, ndoo. Pesa zikitosha mtoto mmoja, nimeona kaka akinunuliwa sanduku na dada akiambiwa asubiri. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima, na kisheria elimu hiyo inafika hadi sekondari.

5. Mahakama si ya matajiri tu.
Kwa Kifungu cha 22, hakuna ada ya kufungua kesi ya kutetea haki za kikatiba, na inapobidi hata barua ya kawaida hupokelewa. Lakini anza na bodi ya shule. Taja somo au nafasi ambayo mwanao amenyimwa, dai jibu kwa maandishi, na uweke nakala. Mzazi mwenzangu, usinung'unikie langoni, andika.