Foleni ya Hospitali Kwenye Skrini

Asubuhi, matatu za Gede na Watamu zinapoteremsha abiria mjini Malindi, baadhi yao huelekea moja kwa moja hospitalini, na benchi za wagonjwa wa nje hujaa kwa mkupuo. Je, kompyuta inaweza kusaidia kuipunguza foleni hiyo kwa uigaji wa picha?

Uigaji wa picha ni nini hasa?

Ni programu inayochora idara nzima: mapokezi, chumba cha tabibu, maabara, dirisha la dawa. Wagonjwa huonekana wakitoka kituo kimoja hadi kingine, na siku nzima ya kazi hupita kwa dakika chache. Msimamizi hujaribu kumhamisha muuguzi au kufungua dirisha la pili bila kumsumbua mtu yeyote.

Macho hayatoshi kuona palipokwama?

Hayatoshi, kwa sababu foleni haikui sambamba na idadi ya watu. Chukua tabibu anayemhudumia mgonjwa mmoja kwa wastani wa dakika 5, yaani 12 kwa saa. Wagonjwa wakifika bila utaratibu, na shida zao zikitofautiana, hesabu za foleni zinaonyesha kwamba wakija 10 kwa saa, kila mmoja atangoja wastani wa dakika 25. Wakiwa 11, watangoja dakika 55. Anayepita barazani atadhani tabibu amezembea, kumbe ni mgonjwa mmoja tu aliyeongezeka kwa saa.

Kupanga upya idara kumewahi kuokoa maisha?

Ndiyo. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, idara ya watoto ilipangwa upya na wahudumu wakafunzwa kuwatambua mapema watoto walio mahututi. Vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya asilimia 10 na 18, vilishuka hadi kati ya 6 na 8.

Kaunti ya Kilifi, ulimo mji wa Malindi, ina uzoefu gani?

Mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome Trust uko Kilifi tangu 1989, bega kwa bega na hospitali ya kaunti. Watafiti wake walishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford kutengeneza LIFE, mchezo wa simu ambamo mhudumu huingia katika hospitali ya kuchorwa na kumwokoa mtoto mchanga asiyepumua. Mchezo huo hunoa ujuzi wa wahudumu, haupangi foleni.

Hospitali ianzie wapi?

Kwa saa na karatasi. Kwa wiki mbili, kila mgonjwa aandikiwe saa ya kufika na ya kutoka katika kila kituo. JaamSim, programu isiyolipiwa, inaweza kuzigeuza namba hizo kuwa picha.

Tahadhari: tabibu wa pili akiongezwa, msongamano unaweza kuhamia maabara, kwa hiyo njia yote ichorwe. Tena, skrini ikisema mgonjwa hungoja dakika 40 ilhali karatasi inasema saa mbili, mchoro una kasoro. Urekebishwe kabla muuguzi yeyote hajahamishwa.