SOMO LA TAWI: MBUNGE NI WA TAIFA AU NI WA JIMBO?



Katika mikutano ya matawi swali moja hurudi kila mara: Mbunge tuliyemchagua ametufanyia nini? Mmoja atataja kisima, mwingine daraja, mwingine zahanati. Ni mara chache mtu kuuliza: Siku ile sheria ilipopitishwa Bungeni, mbunge wetu alikuwa upande gani? Somo hili linahusu maswali yote mawili. Tutatumia mfano wa Mskoti mmoja aliyekuwa mbunge hapa Malawi, kisha tutaitazama Dzaleka, ambako wengi wetu tunaosema Kiswahili tunaishi.

1. Mskoti katika Baraza la Nyasaland

Malawi ilipokuwa bado inaitwa Nyasaland, ulifanyika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, tarehe 15 Agosti 1961. Wapiga kura waligawanywa katika madaftari mawili. Daftari la chini lilikuwa na viti 20, na wapiga kura wake walikuwa Waafrika. Daftari la juu lilikuwa na viti 8, kwa watu wenye mali na elimu zaidi, wengi wao Wazungu. Chama cha Malawi Congress (MCP) kilichukua viti vyote 20 vya daftari la chini.

Katika daftari la juu alisimama mwanasheria Mskoti, Colin Cameron. Hakuwa mgombea wa chama, lakini aliunga mkono MCP na uhuru wa Waafrika. Alishinda, na Dakta Banda akamweka katika baraza la mawaziri.

Tuangalie jambo hilo vizuri. Wazungu wengi wa wakati ule walitaka Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland liendelee, kwa kuwa lililinda mashamba yao na vyeo vyao. Kama Cameron angetaka tu kuwafurahisha matajiri wa daftari la juu, angesema kama wao. Yeye alisema wazi msimamo wake kabla ya kura, na waliompigia walijua wanampigia nani. Huo ndio uaminifu wa kwanza wa mbunge.

2. Sheria ya kizuizini

Uhuru ulipatikana tarehe 6 Julai 1964. Hazikupita wiki nyingi, serikali ikataka uwezo wa kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Ndugu, kumbukeni kwamba Banda mwenyewe aliwekwa kizuizini na Waingereza, kuanzia Machi 1959 hadi Aprili 1960, bila kuhukumiwa. Silaha aliyopigwa nayo, sasa aliitaka mkononi mwake.

Cameron alikataa, akajiuzulu uwaziri. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule mawaziri wengine wakafukuzwa au wakajiuzulu kwa kugombana na Banda. Miongoni mwao alikuwa Kanyama Chiume, aliyekulia Tanganyika, akasoma Tabora na Makerere. Alikimbilia Tanzania, na huko akaandika vitabu kwa Kiswahili. Cameron alirudi Uskoti. Mwaka 1966 Malawi ikawa nchi ya chama kimoja.

Sasa mtu atasema: Mimi nachuma chai, sheria ya kizuizini yanihusu nini? Jibu ni hili. Chakufwa Chihana alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Mwezi wa Aprili 1992 alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Lilongwe kwa kudai vyama vingi. Mwezi uliofuata wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha David Whitehead, Blantyre, waligoma kudai mishahara, na polisi wakapiga risasi. Sheria inayomnyamazisha mwanasiasa leo, kesho itamnyamazisha anayedai nyongeza ya mshahara.

3. Dzaleka ya jana na ya leo

Waliokamatwa kwa sababu za siasa walipelekwa wapi? Wengi walipelekwa Dzaleka, wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka Lilongwe. Wakati ule Dzaleka ilikuwa gereza. Mwaka 1994 Banda alishindwa katika uchaguzi, na katiba mpya ikakataza kumweka mtu kizuizini bila kesi. Mwaka huo huo Dzaleka ikawa kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika mwaka 1987, iliweka mapingamizi, yakiwamo juu ya haki ya kuajiriwa na ya kutembea watakako. Ndiyo sababu mwaka 2021 serikali iliamuru walioko mijini warudi kambini, na mwaka 2023 polisi wakaanza kuwakamata na kuwarudisha. Watu walifunga maduka, watoto wakaacha shule.

Hapa kuna ugumu wa kweli. Mkimbizi hapigi kura. Mbunge wa Dowa au wa Lilongwe hapotezi kura hata moja akimsahau, na huenda akazipata kwa kumlaumu. Wachuuzi Wamalawi nao wana malalamiko yao juu ya ushindani wa biashara, na si haki kuwadharau. Lakini tajiri akimpata mtu asiye na kibali, humlipa apendavyo, kwa kuwa mtu huyo hawezi kwenda kushtaki. Kisha humwambia Mmalawi: Hutaki mshahara huu? Yupo wa kuushika. Hivyo kumnyima mmoja haki kunapunguza mshahara wa wote wawili.

4. Jimbo na taifa

Tusidhani kwamba shida hii ni ya Afrika peke yake. Jack McConnell alikuwa mbunge wa Motherwell na Wishaw katika Bunge la Uskoti, mahali ambapo kiwanda kikubwa cha chuma cha Ravenscraig kilifungwa mwaka 1992. Mwaka 2005, akiwa kiongozi wa serikali ya Uskoti, alitia sahihi makubaliano ya ushirikiano na Rais Bingu wa Mutharika. Mfanyakazi wa Motherwell ana haki ya kumwuliza: Na kazi zetu je? Mbunge mzuri hulijibu swali hilo hadharani, wala hamkimbii aliyeuliza.

Kisima ni haki yetu. Lakini mbunge anayeleta kisima na huku anapitisha sheria ya kutufunga midomo, siku kisima kikikauka hatutakuwa na pa kusemea. Katiba ya 1994 iliwapa wapiga kura njia ya kumwondoa mbunge kabla ya muda wake, lakini mwaka 1995 kifungu hicho kilifutwa. Kwa hiyo tunasubiri miaka mitano. Tuitumie kwa kuweka kumbukumbu: kila tawi liwe na daftari la ahadi za mbunge, misimamo yake Bungeni na siku alizofika kutusikiliza.

Maswali ya kujadili

1. Je, mbunge afuate kila wanalotaka wapiga kura wake? Lini aweza kukataa?
2. Cameron alijiuzulu. Je, ingefaa zaidi abaki serikalini apinge kutoka ndani?
3. Nani awasemee Bungeni wafanyakazi wasiopiga kura?
4. Mbunge wenu alisema nini juu ya sheria ya mwisho iliyohusu kazi? Kama hamjui, ni nani katika tawi atakayekwenda kumwuliza, na lini?